Ukungu Upi? Maoni Juu ya Istilahi za Kiyoyozi cha Motokaa

Kipo kijitabu kimoja, chenye kurasa zisizozidi thelathini, kinachopatikana katika baadhi ya maduka ya vipuri vya magari mjini Dar es Salaam. Kimekusudiwa kuwasaidia wenye magari yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani, ambayo aghalabu hufika na vitabu vya maelezo vilivyoandikwa kwa Kijapani. Nia ya mtungaji ni njema na kazi yake yastahili shukrani, maana mtu aliyenunua gari kwa akiba ya miaka mingi hana budi kujua namna ya kulitumia. Jina la kijitabu sitalitaja, kwa sababu makosa nitakayoyaeleza si yake peke yake. Nimeyaona katika tafsiri nyingine pia, na moja kati ya hayo, kama nitakavyoungama baadaye, nililipitisha mimi mwenyewe nikiwa mezani pangu.

Sura ninayotaka kuichambua ni ile ihusuyo kiyoyozi kinachojirekebisha na uondoaji wa ukungu katika kioo cha mbele. Huenda msomaji akaona kuwa hili ni jambo dogo, la anasa, lisilostahili kuchukua nafasi mahali ambapo tumezoea kujadili istilahi za sheria, elimu na utawala. Nami ningeona hivyo hivyo kama nisingekwenda Mbagala.

Shemeji yangu ni mwalimu, na anakaa Mbagala, mwendo mfupi kutoka Rangi Tatu. Asubuhi moja ya Aprili aliondoka kwake saa kumi na moja na nusu, kabla ya jua kuchomoza, ili awahi kabla barabara ya Kilwa haijafungamana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na kukatika alfajiri. Hewa ilikuwa nzito, yenye joto na maji, kama aijuavyo kila mkazi wa pwani wakati wa masika. Ndani ya gari kiyoyozi kilikuwa kikipuliza baridi, na upepo wake umeelekezwa kwenye kioo. Alipokaribia Mtoni Mtongani, kioo cha mbele kilianza kuwa cheupe, kutoka chini kwenda juu. Alikuwa amekisoma kijitabu, naye ni mtu wa kufuata maelekezo. Kijitabu kinasema kwamba ukungu ukitanda katika kioo, dereva abonyeze kiondoa ukungu, azidishe baridi na kuongeza kasi ya feni. Akafanya hivyo, ukungu ukazidi. Akachukua kitambaa na kufuta kioo kwa ndani; kitambaa kikatoka kikavu. Akazidisha baridi tena. Mwishowe akawa anaendesha kwa kuchungulia dirisha la ubavuni, na kabla hajapata pa kusimama gari likakwaruza ukingo wa saruji wa njia ya mabasi yaendayo haraka. Hakuumia mtu. Lakini saa hiyo watoto wa shule huwa wamekwisha kujipanga kando ya barabara wakingoja usafiri, na shemeji hakutaka kulizungumza jambo hilo mbele ya wanawe.

Jumamosi iliyofuata nilifuatana naye kwa fundi, asubuhi na mapema, manyunyu yakiwa yametoka kukatika. Ni gereji ya uwazi, chini ya mwarobaini, kama zilivyo nyingi pande hizo. Fundi alisikiliza kisa chote, kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, uliwasha waipa?" Shemeji akajibu kwamba hakuwasha, kwa kuwa mvua ilikuwa imekwisha. Fundi akawasha gari, akafungulia baridi yote na kuielekeza kwenye kioo, akatuacha tukizungumza. Baada ya muda kioo kilianza kufifia upande wa chini. Akasogeza waipa mara moja, kioo kikatakata.

"Huo ukungu ulikuwa nje, Mwalimu," akasema. "Kioo kimetoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Ukizidisha baridi unakizidishia jasho." Akakichukua kijitabu, akapitisha macho katika ukurasa ule, akanirudishia mimi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kazi yangu. "Nanyi kaka mnaoandika, mngesema basi ni nje au ni ndani."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiri neno lile moja. Lakini kabla ya kulichambua yafaa tuelewane kuhusu kitu chenyewe, kwani istilahi haiwezi kuhukumiwa na mtu asiyejua jambo linalotajwa. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi huweza kubeba karibu gramu 30 za mvuke wa maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipozwa hadi nyuzi 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi, na maji yaliyozidi hayana budi kutua mahali. Hutua kwanza juu ya kitu kilicho baridi kuliko vingine. Katika miezi ya masika hewa ya Dar es Salaam huwa imeshiba maji kiasi kwamba kitu kikipoa kufikia nyuzi 24 au karibu na hapo, tayari maji huanza kukiganda juu yake. Kwa hiyo kioo kinachopulizwa baridi kutoka ndani hukusanya maji upande wa nje. Dawa yake ni waipa, na kuelekeza baridi kwingine.

Hali ya pili ni kinyume chake. Mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, ndani wamo watu wanne walioloa, na kiyoyozi kimezimwa kwa sababu abiria wanaona baridi. Mvua imekipoza kioo, pumzi na nguo zimeijaza hewa ya ndani maji, na maji hayo hutua upande wa ndani. Hapa dawa ni kuwasha kiyoyozi, kuelekeza upepo kwenye kioo, kuruhusu hewa ya nje iingie, na kuongeza joto kidogo badala ya kulipunguza. Maana kiyoyozi huikausha hewa kwa kuipitisha kwenye koili yenye baridi kali, na hewa iliyokwisha kukaushwa kisha ikapashwa joto hunyonya maji ya kioo upesi sana. Tazama basi: dawa ya hali moja ni kuuelekeza upepo kwenye kioo, na dawa ya hali nyingine ni kuuondoa. Mtungaji wa kijitabu amezichanganya hali zote mbili chini ya neno moja, kisha akatoa dawa ambayo haikamiliki kwa yoyote kati yake, kwani hata kwa ukungu wa ndani kuzidisha baridi si lazima.

Kosa hili si la ufundi peke yake. Mtungaji, naamini, aliujua ufundi au aliusoma mahali. Neno ndilo lililomfichia tofauti. Ukungu kwetu ni kile kitandacho hewani, kitu kinachoonekana Uluguru asubuhi au katika mlima wa Kitonga, ambacho mtu huingia ndani yake na kutoka. Hakina upande wa ndani wala wa nje. Anayeambiwa kuwa "kuna ukungu" hafikirii kuuliza uko upande gani, kama asivyouliza kiza kiko upande gani. Lakini maji yaliyotua juu ya kioo hayamo hewani. Yamo juu ya kitu, na kila kitu kina pande zake.

Yapo mengine. Kamusi zetu hulitolea neno ukungu maana zaidi ya moja, na mojawapo ni ile hali ya kitu kuota kuvu kwa unyevu, kama mkate uliokaa sana au kiatu kilichosahauliwa kabatini. Katika mazungumzo ya kawaida maana hizi mbili hazikutani. Hakuna anayedhani kuwa mkate umefunikwa na hali ya hewa. Walakini ndani ya kiyoyozi cha gari zinakutana barabara! Ile koili ya baridi nyuma ya dashibodi hulowa kila inapofanya kazi. Maji yake hushuka kwa mrija mdogo na kudondoka chini ya gari, jambo linalowatia hofu wengi bure. Mrija ukiziba kwa vumbi na majani, maji hubaki, koili huota kuvu, na gari hunuka uvundo mara kiyoyozi kiwashwapo. Pengine maji hufurika hadi kulowesha zulia la upande wa abiria wa mbele, na zulia lililolowa huitia maji hewa ya ndani, na kioo hupata ukungu. Yaani ukungu wa maana moja na ukungu wa maana nyingine wanaweza kuwa na chanzo kimoja, lakini dawa zao ni mbali mbali.

Kijitabu, katika ukurasa unaofuata, kinashauri itumike dawa ya kuondoa ukungu kwa harufu mbaya. Shemeji alikwenda dukani akaomba dawa hiyo kwa jina hilo hilo, akauziwa kichupa cha kupaka vioo. Muuzaji hakumdanganya. Alimpa alichoombwa.

Hapa nataka kutoa hoja ambayo huenda wenzangu wasikubaliane nayo. Sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kulaumu neno lolote lenye maana mbili, kana kwamba uwili wenyewe ni dhambi. Sivyo. Chukua neno sensa. Mafundi wote huita sensa kile kifaa kidogo kinachopima joto au mwanga na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Neno hilo hilo ndilo tulilolitumia nchi nzima mwezi Agosti 2022 tulipohesabiwa. Sijapata kusikia mtu aliyedhani kuwa karani wa sensa amekuja kupima joto la injini. Maana hizi haziishi nyumba moja, kwa hiyo hazigombani. Mtungaji wetu, kwa kuogopa mgongano usiokuwapo, ameiacha sensa na kuandika kihisia. Matokeo yake ni kwamba gari limepewa hisia, na fundi anayesoma hajui kinachotajwa. Neno lisilo na madhara limekimbiwa, na lile lenye madhara limekumbatiwa. Kipimo changu basi ni hiki: maana mbili za neno zikikutana mahali pamoja, mbele ya mtu mmoja, na kila maana ikimtaka afanye tendo tofauti, hapo neno halifai. Zisipokutana, tuliache neno lipumzike.

Na kwa kuwa nimezitaja sensa, sitapita bila kusema habari ya ile ya jua, ingawa kosa lake ni la aina nyingine. Kiyoyozi kinachojirekebisha hutegemea sensa kadhaa: ya joto la ndani ya gari, ya joto la nje, ya koili ya baridi, ya maji ya injini, na ya jua, ambayo hukaa juu ya dashibodi ili gari lijue kuwa dereva anapigwa na jua. Katika magari mengi ya Toyota yenye kiyoyozi cha namna hii, ukibonyeza pamoja kitufe cha AUTO na kile cha hewa ya ndani huku ukifungua swichi ya gari, kiyoyozi hujipima na kuonyesha hitilafu zake kwa tarakimu. Tarakimu 11 ni ya sensa ya ndani, 12 ni ya nje, 13 ni ya koili, 14 ni ya maji ya injini, na 21 ni ya jua. Kijitabu kimezinakili zote vizuri. Ila kimeacha sharti moja: gari likipimwa gizani au kivulini, tarakimu 21 inaweza kujitokeza hata kama sensa ya jua ni nzima, kwa sababu haikuona jua. Sasa gereji zetu ziko chini ya miarobaini na miembe. Kimeandikwa "kihisia jua kibovu", na mwenye gari huenda kununua kipya. Kingeandikwa "sensa ya jua haipati mwanga", fundi angelisukuma gari nje ya kivuli kabla ya kuagiza chochote. Tafsiri ilitoa hukumu mahali palipotakiwa ushahidi.

Jina la mtambo wenyewe nalo limemtaabisha mtungaji. Katika kichwa cha sura ameuita "kidhibiti cha tabianchi". Asili ya kosa hili ni wazi: Kiingereza hutumia neno moja kwa tabianchi ya bara zima na kwa hali ya ndani ya gari au chumba, na mtungaji akalikuta neno hilo katika kamusi likiwa na jibu moja mbele yake. Tabianchi ni hali ya hewa ya eneo kwa miaka mingi. Hakuna kitufe cha kuidhibiti, na kama kingekuwapo mataifa yangekigombania. Ndani ya sura ameuita pia "kipoza hewa" na "kiyoyozi kinachojiongoza". Majina matatu kwa kitu kimoja katika kurasa nne! Msomaji hana njia ya kujua kuwa ni kitu kimoja.

Kati ya hayo matatu, kipoza hewa ndilo la hatari. Limeitaja kazi moja ya mtambo na kuificha nyingine. Kiyoyozi hupoza hewa na pia huikausha, na wakati wa mvua ni hiyo ya pili inayookoa maisha. Anayekijua kwa jina la kipoza hewa, au anayekiita kipupwe kama wasemavyo wengine, atakizima mara mvua inaponyesha, maana nani anahitaji baridi zaidi wakati wa mvua? Ndipo vioo vinapofunga. Neno kiyoyozi, kwa bahati njema, halina baridi katika umbo lake, na limekwisha kukubalika. Sioni sababu ya kulikimbia. Na kwa ule wa kisasa natosheka na "kiyoyozi kinachojirekebisha", kwa kuwa ndicho unachofanya: hulinganisha joto lililopo na joto lililotakiwa, ukajirekebisha. Haujiongozi. Hauoni kama kioo kimefunga, isipokuwa katika magari machache yaliyowekewa sensa ya unyevu. Siku ya joto huchagua wenyewe kuzungusha hewa ya ndani ili upoze upesi, na dereva aliyeambiwa kuwa mtambo wake unajiongoza atakaa akingoja uongoze.

Kuhusu gesi nitasema kwa ufupi. Mafundi husema gesi imeisha, ijazwe. Kijitabu kimelirudia hilo. Neno gesi lenyewe halina kosa, tulitumie. Kosa liko katika kitenzi. Gesi ya kiyoyozi haitumiki kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua sana basi imevuja, na swichi ya mgandamizo huizuia kompresa isifanye kazi. Anayeamini kuwa imeisha hulipia kujazwa kila baada ya miezi michache. Anayeambiwa imevuja huuliza imevujia wapi. Tungewafaa watumiaji kwa kubadili kitenzi kuliko kwa kubuni nomino mpya ya gesi, kazi ambayo najua wapo wanaoitamani.

Sasa niungame. Miaka michache iliyopita nililetewa rasimu ya orodha ya istilahi za vyombo vya moto niipitie. Neno la kitufe cha kukausha kioo lilikuwa limefasiriwa "kiondoa ukungu". Nililitazama kwa muda wa dakika moja. Umbo lake ni safi, ki- ya ala, kitenzi kinachoeleweka, nomino inayojulikana. Lililingana na la Kiingereza kipande kwa kipande. Nikaweka alama ya kukubali, nikaenda kwenye neno linalofuata. Chumba nilichokuwamo kilikuwa na kiyoyozi na madirisha makavu. Sikumwuliza fundi yeyote, na kama ningemwuliza ningemwuliza kama neno linapendeza, wala si kama linamwonyesha mtu la kufanya. Sijui kama mtungaji wa kijitabu alilipata kwenye orodha ile au alilibuni mwenyewe kwa njia ile ile niliyoikubali. Kwangu mimi hayo ni mamoja.

Wapo watakaosema kuwa mafundi wangelikataa neno letu hata hivyo, kama walivyojichukulia gia, breki, klachi na rejeta bila kungoja kamati yoyote, wala ile Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, wala Baraza lililoundwa mwaka 1967. Ni kweli. Lakini rejeta iko moja na mahali pake panajulikana. Jina lolote lingetosha. Hapa tunataja hali, hali hubadilika, na dereva ndiye anayepaswa kuitambua peke yake, garini, kwa sekunde chache.

Napendekeza basi tuseme umande. Umande ni maji yaliyotoka hewani yakatua juu ya kitu kilichopoa, na ndicho hasa kilichoko kwenye kioo. Hushika juu ya kitu, kwa hiyo tunaweza kusema umande wa ndani na umande wa nje bila kuulazimisha ulimi. Ukungu tuuache milimani na baharini. Kile kinachoota kwenye koili tukiite kuvu, kama waitavyo walimu wa biolojia, na harufu yake uvundo. Wengine hupenda kusema mvuke wa kioo, lakini mvuke ni maji yaliyomo hewani yasiyoonekana. Yakishaonekana kwenye kioo yamekwisha kuacha kuwa mvuke. Kitufe chenyewe nakiita kikausha kioo, maana kukausha ndiko kazi yake, na jina hilo linamkumbusha dereva kuwa hewa kavu, wala si baridi, ndiyo inayotakiwa.

Kwa jasho la yule fundi nimesita kwa siku nyingi. Ni neno zuri, kila mtu anajua chupa inavyotoka jasho, na hakuna anayedhani kuwa jasho la chupa liko ndani ya chupa. Kwa upande huo linaushinda umande. Lakini jasho hutoka ndani ya mwili, na mwenye gari akisikia kioo kinatoka jasho anaweza kudhani kuwa maji yanapenya kutoka mahali fulani, kama wanavyodhani wengi juu ya yale yanayodondoka chini ya gari. Katika maandishi nauchagua umande. Katika mazungumzo ya gereji sina haki ya kumrekebisha mtu aliyenifundisha.

Ili mapendekezo haya yasibaki maneno matupu, nimeiandika upya ile aya ya kijitabu:

"Kioo cha mbele kikishika umande na huoni vizuri, punguza mwendo na usimame kando ya barabara. Kisha sogeza waipa mara moja. Kioo kikitakata, umande uko nje: endelea kutumia waipa, elekeza upepo wa baridi mbali na kioo, na punguza baridi. Kioo kisipotakata, umande uko ndani: bonyeza kikausha kioo, hakikisha kiyoyozi kimewaka, ruhusu hewa ya nje iingie, na ongeza joto kidogo. Umande wa ndani ukirudi kila siku, mwambie fundi atazame chujio la hewa, mrija wa maji ya koili, na kama zulia limelowa."

Shemeji aliisoma mbele yangu, akauliza kwa nini kusimama kando kumewekwa mwanzo, kwa kuwa katika kijitabu kumewekwa mwisho. Nikamjibu kuwa yeye ndiye aliyenifundisha hilo. Fundi naye alisomewa, akataka liongezwe jambo moja: kwamba wapo wanaozifunga bomba za hita kwa kuwa Dar es Salaam hakuna anayetaka joto, na gari lililofanyiwa hivyo halitaweza kuikausha hewa kwa joto hata likibonyezwa vipi. Nimeliandika pembeni, na litaingia.

Limebaki suala la kioo cha nyuma, ambalo sikuweza kulimaliza. Alama zilizokubaliwa kimataifa zinavitofautisha vitufe viwili: cha mbele kina umbo la kioo kilichopinda juu, na cha nyuma kina mstatili, vyote vikiwa na mishale mitatu ya mawimbi. Kijitabu kimeviita vyote viwili kiondoa ukungu, na shemeji anakiri kuwa asubuhi ile, katika hofu, hajui hata alikibonyeza kipi. Kile cha nyuma hakipulizi hewa. Hupitisha umeme katika nyaya nyembamba zilizobandikwa kwenye kioo ili kioo kipate moto. Kwa mizani ya kazi yake kingeitwa kipasha kioo. Mwenzangu mmoja ofisini anasema jina hilo litamfanya mtu wa Mbagala acheke, kwamba nani ataomba kupashiwa kioo mwezi wa Februari. Nilimwuliza fundi yeye hukiitaje. Akasema hakiiti, husema tu "washa nyaya za nyuma", na kila mtu huelewa. Nimeyaandika maneno hayo katika rasimu, mkabala na langu, yangojee kikao.